Kadi ya Fundi Si Leseni ya Mkandarasi

*Hujambo Mama Mjengo? Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitatu Mamboleo, na nataka kuipandishia ghorofa moja nipate vyumba vya kupangisha nitakapostaafu. Shemeji yangu ameniletea fundi aliyemjengea rafiki yake kule Ahero. Nilipomuuliza kama ana leseni, alinionyesha kadi yenye nembo ya NCA na kibali cha biashara cha kaunti kilichofungwa kwa plastiki. Nilipouliza bima akacheka, akasema vijana wake wote wako SHA, ile bima ya afya ya serikali. Anataka dipoziti ya laki tatu kabla ya Ijumaa, eti saruji itapanda bei. Sitaki kumvunjia shemeji heshima, lakini roho yangu haijatulia. – Mwalimu, Kisumu*

Mwalimu, hizo laki tatu zikae kwanza. Na huyo fundi usimwite mwizi, maana sidhani kama amekudanganya. Amekuonyesha karatasi za kweli ambazo hazijibu swali ulilouliza.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, hiyo NCA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na inaandikisha watu wa aina mbalimbali. Kuna mafundi wa mkono, yaani waashi, maseremala, mafundi bomba na wenzao. Hao hupewa kadi ya kuonyesha kwamba wanaijua kazi. Halafu kuna wakandarasi, ambao wamepangwa katika madaraja 8, la 1 likiwa la juu kabisa. Fundi wako ana kadi ya mwashi. Inamruhusu kushika mwiko kwenye mjengo wako. Kuubeba mjengo wote mgongoni ni kazi ya mkandarasi. Kibali cha kaunti nacho kinasema tu kwamba amelipia kufanya biashara. Hata muuza omena wa soko la Kibuye anacho.

Kwa ghorofa moja, mkandarasi wa daraja la 8 anakutosha. Lakini soma cheti chake ni cha kazi gani, kwa sababu aliyeandikishwa kwa barabara hakuandikishwa kwa nyumba. Kisha chukua namba ya usajili uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya NCA, au uende ofisini kwao hapo mjini ukaulize. Usikubali akufungulie yeye kwenye simu yake. Leseni hulipiwa kila mwaka, kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani tangu mwaka juzi hakikwambii lolote kuhusu leo.

Kuna mchezo mwingine ambao nimeuona mara nyingi, wa kukodisha cheti. Fundi anaazima karatasi za kampuni ya mtu, anaanza kazi, na mwenye kampuni hata hajui saiti iko wapi. Ukihisi hivyo, omba CR12, karatasi ya msajili wa kampuni inayotaja wakurugenzi, ulinganishe na kitambulisho cha huyo aliyekaa mbele yako. Na pesa ziende kwenye akaunti ya kampuni. Ukiona M-Pesa inakuuliza kama unamtumia mtu ambaye jina lake hujawahi kulisikia, bonyeza kufuta.

Sasa bima, na hapa nina kovu langu mwenyewe. Nilikuwa karani wa saiti kwa miaka 19. Kazi yangu ilikuwa kupokea mizigo na kukagua tarehe, saini na hesabu ya mifuko. Nilipobadilisha paa la jikoni langu, mkandarasi alikuja na faili nadhifu, karatasi ya bima imo, mhuri umo. Niliutazama mhuri nikaridhika. Siku ya tatu ubao ukavunjika, kijana mmoja akaanguka akiwa bado ameshika nyundo, mfupa wa mguu ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Tulipoifungua ile karatasi, bima ilikuwa imekwisha Januari. Tulikuwa Agosti. Mkandarasi akasema anakwenda kutafuta pesa za hospitali, na hadi leo anazitafuta. Chuma alichowekewa kijana mguuni nililipia mimi.

Kwa hiyo mtu akikwambia vijana wake wako SHA, mwambie hilo ni jambo jema, lakini hukuuliza hilo. SHA ni matibabu. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini, inayoitwa WIBA, ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Mtu akifa au akilemaa kabisa, fidia yake ni mshahara wa miezi 96. Chukua kibarua wa shilingi 700 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kisha piga hesabu: inapita milioni moja na laki saba. Ukiwa wewe ndiye unayenunua vifaa na kuwalipa vijana kila Jumamosi, jiulize wakili atamwona nani kuwa mwajiri. Fundi anaweza kuhama. Nyumba haihami.

Omba nakala ya bima hiyo, na ya pili inayolipa mali ya watu wengine, maana mawe ya ghorofa yakiangukia paa la jirani, SHA haina habari. Soma tarehe ya mwisho. Kisha pigia kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta wewe, uwasomee namba ya bima, uulize kama imelipiwa. Bima ya “tutamalizia mwezi ujao” si bima.

Kabla ya yote hayo, tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Msingi wako ulichimbwa kwa nyumba ya chini. Achimbe pembeni autazame, akwambie kama utabeba. Akisema hautabeba, utakuwa umeokoa zaidi ya laki tatu.

Na shemeji? Isingizie kaunti, wala hutakuwa umesema uongo. Ghorofa inahitaji ramani iliyopitishwa, na mradi wenyewe uandikishwe NCA ukitaja mkandarasi aliyesajiliwa. Mwambie fundi wake ni mzuri, na kwamba utamwomba mkandarasi amchukue awe mwashi mkuu. Mkono wake ukiwa mzuri kama wanavyosema Ahero, atapata kazi na shemeji atakunywa chai kwako kama kawaida.

*Mama Mjengo, fundi wa stima anasema leseni ya EPRA ni ya watu wa viwandani, ya nyumbani haina haja. Ni kweli? – Msomaji, Kakamega*

Si kweli. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, inawapa leseni mafundi wa stima kwa madaraja, na kuna madaraja ya kazi za majumbani. Muulize namba na daraja. Ukitaka mita mpya, Kenya Power watakudai cheti cha wayaringi kutoka kwa mkandarasi mwenye leseni hiyo, na hapo ndipo wengi hukimbia kutafuta mtu wa kuwatilia saini kazi ambayo hakuiona. Cheti chako akitie saini yule aliyepanda darini kwako, si rafiki yake wa Mumias.