Mfundisheni mhandisi kuhesabu hadi siku ya malipo

Wiki hii mmeuliza: vyuo viwafundishe wanafunzi wa uhandisi biashara na usimamizi, au waachwe wakajifunzie kazini? Nasema wafundishwe, tena kuanzia mwaka wa kwanza. Mimi nilijifunzia kazini, na yaliyonikuta ndiyo yamenifanya nikae niandike.

Mwaka 2016, nikiwa tayari nimesajiliwa kuwa mhandisi, nilipata kazi yangu ya kwanza ya kujitegemea: mnara wa chuma wa mita 6 wa kubebea tangi la lita 10,000, katika taasisi moja mkoani Morogoro. Hesabu za kihandisi nilizipiga mpaka roho ikatulia. Maji peke yake tani 10. Nikaweka nguvu ya upepo, nikakagua nguzo zisije zikapinda, nikachimba shimo la kupimia udongo kabla ya kuamua msingi. Mnara ule umesimama hadi leo. Bei ya kazi ilikuwa shilingi milioni 24, gharama zangu milioni 19, faida milioni 5.

Kitu ambacho sikukiandika kwenye karatasi ya hesabu hizo ni tarehe. Mkataba haukuwa na malipo ya awali. Ningelipwa siku 30 baada ya kukabidhi, na asilimia 10, yaani milioni 2.4, ingebaki kwa mteja miezi 6 mingine, endapo kungejitokeza kasoro. Nilikuwa na akiba ya milioni 7. Benki ilitaka hati ya nyumba, na nyumba sina. Nikakopa milioni 12 mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, mikopo hii ambayo watu siku hizi wanaiita kausha damu. Ujenzi ukachukua miezi miwili, na zile siku 30 zikageuka miezi mitatu. Riba ya milioni 1.2 kwa miezi mitano ni milioni 6. Faida yote ikaondoka, ikabeba na milioni moja nyingine. Ni hesabu ya shule ya msingi. Sikuipiga kwa sababu katika miaka yote minne ya chuo hakuna aliyewahi kunitaka niipige.

Somo la uchumi wa kihandisi tulikuwa nalo, moja, mwaka wa mwisho. Tulikariri fomula za thamani ya fedha, tukafaulu. Ujasiriamali nao ulikuja, na fasili zake. Lakini profoma, ile karatasi ya bei ya duka la vyuma, sikuwahi kuishika mkononi mpaka nilipomaliza chuo.

Na usimamizi je? Hapo ndipo pananiuma zaidi. Jumamosi moja jioni, mafundi sita walikuwa wamekaa juu ya mbao za zege, wameshanawa, wameshabadili nguo, wananisubiri. Hela ya wiki sikuwa nayo. Nilijifanya niko kwenye simu, nikazunguka nyuma ya stoo. Fundi mkuu, mzee aliyeanza kuchomelea kabla sijazaliwa, akanifuata kule kule. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wana watoto. Ungewaambia Jumatano, wangejua pa kukopa unga. Ukiwaambia leo usiku umewaibia." Nikasema, "Nisamehe, mzee." Akasema, "Usiniombe mimi. Nenda kawaambie wao." Nikaenda, nikasimama mbele yao, nikasema ukweli. Wawili hawakurudi Jumatatu, na sikuwalaumu. Tangu siku hiyo, kila Jumatano mafundi wangu wanajua Jumamosi watapata shilingi ngapi. Hilo ni jambo la kufundishika. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili vibarua wanne, wiki mbili, na ukuta wa kujenga, kisha akawauliza vibarua wenyewe jinsi walivyosimamiwa.

Wapo watakaosema kazi hiyo inafanywa na mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza 2003, ambapo mhitimu hufanya kazi miaka mitatu chini ya mhandisi mzoefu kabla ya kusajiliwa. Mimi nimeupitia na nauheshimu. Umenijenga kwenye michoro na usalama wa saiti. Ila katika kampuni niliyokuwa, fedha zilikaa ghorofa ya wahasibu, na sisi vijana hatukupanda huko. Tena sasa sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi huo kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na zabuni zinaombwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Nafurahi kuona mlango huo umefunguliwa. Nawaogopea tu wadogo zangu watakaoshinda zabuni kabla hawajawahi kupanga kalenda ya fedha inayoingia na inayotoka.

Kwa hiyo sidai kozi mpya; ratiba za wanafunzi zimeshajaa. Nadai kila mradi wa mwanafunzi, hata wa kabati, uwe na mchoro, bei zilizotoka dukani kweli, na kalenda hiyo ya fedha. Ukikosa kimoja, usisahihishwe.

Mwaka jana nilikuwa na binti mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Tulikuwa na nguzo 60 za uzio wa shule, mchoro unasema mita 2.2 kila moja. Bomba la mraba linauzwa kwa urefu wa mita 6. Usiku akalitafakari hilo, asubuhi akaja na daftari: kwa mita 2.2 kila bomba linatoa nguzo mbili na kipande cha mita 1.6 kisicho na kazi, tunahitaji mabomba 30. Tukishuka chini kidogo ya mita 2, tukaacha nafasi ya msumeno, kila bomba linatoa tatu, tunahitaji 20. Nikamwambia ampigie mteja mwenyewe. Akamweleza mwalimu mkuu kwamba uzio utapungua sentimita ishirini na kitu na bei itashuka. Mwalimu mkuu akakubali kabla hajamaliza kueleza.

Karakana yangu inapokea wanafunzi wawili kila likizo ndefu. Siku ya kwanza hawagusi mashine. Tunakwenda wote eneo la Gerezani, Dar es Salaam, duka kwa duka, kila mmoja na daftari lake, kuuliza bei.