Nakala ya Speedster mnadani: ninunue au niache?

SWALI: Ndugu Mshauri wa Magari, mimi ni mtumishi mstaafu, mkazi wa Kisasa, Dodoma. Wiki ijayo kutakuwa na mnada mjini hapa, na miongoni mwa mali zitakazouzwa kuna gari dogo la wazi lililotangazwa kama nakala ya Porsche Speedster. Kadi yake inasema Volkswagen ya mwaka 1969. Msimamizi ameniambia kuwa injini ilifumuliwa, lakini tangu hapo gari halijatembea barabarani, na hakuna karatasi inayomtaja fundi aliyeliunda. Linauzwa kama lilivyo, na robo ya bei hulipwa papo hapo. Nimelipenda mno. Je, nilinunue?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Kadi kuandikwa Volkswagen si kasoro. Ningeshtuka zaidi kama ingeandikwa Porsche. Speedster halisi za kwanza zilitengenezwa kati ya 1954 na 1958, bodi yake ni ya chuma, na siku hizi huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola za Marekani. Nakala zake nyingi ni bodi ya faibaglasi iliyofungwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle, ile yenye mgongo wa kobe ambayo bila shaka uliiona sana ujanani. Kwa hiyo unachonunua hapo ni kazi ya mikono ya fundi, na fundi mwenyewe hatumjui.

Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma katika Beetle ni milimita 2,400, wakati Speedster ina milimita 2,100, hivyo ili bodi ikae sawasawa mwundaji hukata takriban sentimita 30 za sakafu na kuchomelea vipande viwili viwe kimoja. Nakuomba siku ya ukaguzi utumie muda wako mwingi hapo. Ingia uvunguni na tochi, uufuate mshono huo kutoka ubavu hadi ubavu. Mwaka juzi nilimsindikiza rafiki kukagua gari la namna hii. Kwa juu liling'aa kama sahani mpya, lakini nilipokwangua lami iliyopakwa chini ya sakafu kwa ncha ya ufunguo nilikuta limechomelewa kwa madoa, moja hapa na jingine kule, na katikati pamebaki nafasi ya kupitisha sarafu. Tuliliacha, na rafiki yangu alihuzunika kwelikweli.

Namba ya chesisi ya Beetle hugongwa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Isipolingana na kadi, au ikiwa imekwanguliwa, rudi nyumbani. Uhakiki wa kadi ufanyike TRA kabla ya siku ya mnada.

Kuhusu injini, neno "ilifumuliwa" bila risiti za vipuri lihesabu kuwa halijasemwa. Injini ikiwa imezimwa, shika puli ya krenkishafti, yaani gurudumu dogo la mkanda lililo kwenye mhimili mkuu wa injini, kwa nyuma, uivute na kuisukuma kwa nguvu. Ikigonga kwa sauti unayoisikia, beringi zimelika. Kisha tazama mabati na mpira unaoizunguka. Injini hii haina rejeta, hupozwa kwa upepo wa feni, na mabati hayo ndiyo huzuia joto la eksozi lisirudi kwenye feni. Fundi mwenye haraka huyaacha, na gari lililoachwa hivyo halitamaliza mlima wa Gairo katika joto la Novemba.

Ushauri wangu ni kwamba usilinunue kwa bei ya sura yake. Ulizia mafundi bei ya Beetle iliyosimama, inayohitaji injini kufumuliwa, ongeza kiasi cha wastani kwa ajili ya bodi, uandike jumla hiyo kwenye karatasi, na dau likiivuka hata kwa laki moja ushushe mkono. Soma pia masharti kuhusu ile robo, kwa sababu mara nyingi ukishindwa kumalizia hairudishwi, na sipendi kiinua mgongo chako kipotelee hapo.

Nenda kukagua na fundi aliyewahi kushika kazi za Volkswagen, nenda asubuhi na mapema, na uwaombe wenye mnada wasiiwashe injini kabla hujafika, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto huficha ugumu wake wa kuwaka.