Kuhusu vivuko katika picha za Waholanzi: anza na abiria, mawingu baadaye

Mkuu uliyeuliza kwa nini picha za mito za Uholanzi za karne ya 17 zote ni mashua, ng'ombe na mawingu: naishi Amsterdam na kila nikipata nafasi hupita Rijksmuseum, makumbusho ya taifa ya sanaa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Ukifika, tafuta kwanza picha ya kivuko ya mchoraji Esaias van de Velde, ya mwaka 1622. Ng'ombe wamepakiwa, nyumba za kijiji ziko kando ya maji, na hakuna shujaa wala mtakatifu yeyote. Wachoraji wa Flandria (sehemu ya Ubelgiji ya leo) waliotangulia walipenda kuitazama nchi kutoka juu, na milima ya buluu kwa mbali, milima ambayo Uholanzi haina. Esaias alimshusha mtazamaji hadi ukingoni, kana kwamba naye anasubiri zamu yake ya kuvuka.

Mwanafunzi wake, Jan van Goyen (1596–1656), alizidi hapo. Alishusha upeo wa macho hadi anga likachukua sehemu kubwa ya picha, akabakiza rangi chache: kahawia, kijivu, kijani kilichofifia. Rangi aliipaka nyepesi, na mara nyingine ubao wenyewe unaonekana chini yake. Namna hiyo ilimwezesha kuchora haraka, na picha zake zilizobaki zinapita elfu moja. Tafadhali usizitumie kama ramani. Lango la Pellekussenpoort, karibu na Utrecht, alilichora tena na tena, akibadilisha mazingira yake apendavyo.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwaka 1632 usafiri mpya ulianza kati ya Amsterdam na Haarlem: boti iliyovutwa na farasi kwenye mfereji, kwa ratiba, kama kilomita 7 kwa saa. Kwa wakati ule yalikuwa maendeleo makubwa, ila wachoraji wa mandhari waliigusa kwa nadra. Walibaki na kivuko na tanga. Kwa maoni yangu, kivuko kiliwapa kitu ambacho boti ya ratiba haina: gari la farasi la tajiri, mkulima na mifugo yake, wote wamebanana kama abiria wa pantoni ya Kigamboni, wakimtegemea mtu mmoja mwenye upondo. Salomon van Ruysdael wa Haarlem aliipenda hali hiyo mno. Ukisimama mbele ya vivuko vyake, tazama jinsi chombo kilivyozama kwa uzito, kisha fuata kivuli cha miti mikubwa ndani ya maji. Utagundua kwamba mto umetulia kabisa, na shughuli yote imo chomboni.

Ila Aelbert Cuyp wa Dordrecht usimtie kapu hilohilo. Ujanani alimfuata van Goyen, lakini baadaye mito yake ilijaa jua la dhahabu lililotoka kwa wachoraji waliokuwa wamerudi kutoka Italia. Huyo anastahili uzi wake.