Kabla ya kukunja reli, amua kitanzi kifanye kazi gani

Wanaoanza kuunda reli ndogo za mezani huniuliza wanunue swichi ngapi, yaani vile vipande vya reli vinavyogawa njia moja kuwa mbili. Mimi huwauliza kwanza: treni yako ikifika mwisho wa njia, itarudije?

Kama njia ni moja na treni ni mbili, unahitaji njia ya kupishana, ambayo nayo ni aina ya kitanzi. Moja inaingia pembeni na kusubiri, nyingine inapita. Usiipime kutoka swichi hadi swichi. Karibu na swichi reli mbili bado zimebanana, na behewa likibaki hapo litakwanguliwa ubavu. Sukuma mabehewa mawili sambamba kwa mkono hadi yaachane kabisa, uweke alama hapo, katika kila mwisho wa njia hiyo. Kati ya alama hizo ndipo treni yako ndefu kuliko zote inapaswa kuenea, kichwa na mabehewa yote.

Kitanzi cha kugeuzia hurudisha treni ilikotoka bila kufungua kichwa. Ndiyo maana vituo vingi vya kupakia makaa ya mawe hukitumia: treni hutambaa chini ya mtambo huku ikijazwa. Kwenye reli ndogo zinazopitisha umeme katika reli zote mbili kina hatari yake. Reli ya kushoto ikizunguka inarudi kukutana na ya kulia, na hapo ni shoti papo hapo. Kata reli zote mbili katika ncha zote mbili za kitanzi, uunge kwa viungo vya plastiki, kisha ulishe kipande hicho kupitia swichi ya umeme inayogeuza chanya na hasi. Kipande kilichotengwa kiwe kirefu kuliko treni nzima, kwani magurudumu ya chuma yakivuka mapengo ya pande zote mbili kwa pamoja, shoti inarudi.

Ninachokipenda kuliko vyote ni kitanzi cha kupandia mlima, ambapo njia huzunguka duara na kupita juu yake yenyewe. Cha Tehachapi, California, cha mwaka 1876, hupandisha treni mita 23 kwa mwinuko wa asilimia 2, na treni ndefu hupita juu ya mkia wake yenyewe. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kikiwa kidogo mara 87 kuliko halisi, reli ya juu ikae milimita 90 hivi juu ya ile ya chini. Kwa mwinuko wa asilimia 3 hiyo ni mita 3 za reli, yaani duara la nusu kipenyo cha sentimita 48. Meza ikiwa finyu, usiongeze mwinuko kufidia, maana kona yenyewe tayari inaikaba treni. Punguza mabehewa, au uachane na mlima, na badala yake ujenge njia ya kupishana iliyo ndefu.