CNA wa miaka minane California: leseni ya LVN bila kukaa shule nzima ipo, ila ujipange

Kaka, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema nyumbani ulikuwa tabibu, ukaondoka 2012, sasa una miaka minane ya CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, kwenye nesingi homu (nyumba ya kutunzia wazee na wagonjwa) moja California, mgongo umechoka, na umesikia kuna njia ya kupata leseni ya uuguzi bila kuanza shule upya. Waliotangulia kukujibu wamekwambia ni maneno ya vijiweni. Hapana, njia ipo. Leseni yangu ya LVN, yaani nesi wa ngazi iliyo chini ya RN, niliipata hivyo mwaka 2019, na shule ya LVN sijawahi kukanyaga. Lakini isikudanganye ukadhani ni njia ya mkato, mimi ilinila miaka.

Kwanza utabibu wako tuuweke pembeni. Ni elimu nzuri na itakubeba siku ya mtihani, ila cheti cha tabibu ni cha upande wa udaktari, na bodi za huku zinazotoa leseni zinapima uuguzi. Nimeona watu wawili wakitumia hela nyingi kutafsiri na kutathmini vyeti vya utabibu wakitegemea watapewa leseni ya unesi. Hawakupewa. Kama ungekuwa nesi uliyesajiliwa nyumbani, hiyo ni habari nyingine kabisa na ningekwambia upeleke vyeti vyako ukaombe leseni ya RN, yaani nesi aliyesajiliwa, moja kwa moja.

Sasa njia yenyewe. Leseni ya LVN California inatolewa na bodi yake yenyewe pale Sacramento, tofauti na ile ya RN. Kwa kawaida mtu anapita shule yenye saa 1,530, yaani 576 za darasani na 954 za vitendo. Waliopata mafunzo ya uuguzi katika jeshi la Marekani wana mlango wao. Halafu kuna sisi wabeba boksi wa wodini. Mlango wetu watu wanauita Method 3: miezi 51 ya kazi ya kulipwa ya kuhudumia wagonjwa waliolazwa, yote iwe ndani ya miaka 10 kabla ya kuomba, na angalau nusu yake iwe ndani ya miaka 5 ya mwisho. Juu yake unaongeza kozi ya dawa isiyopungua saa 54, halafu unakaa mtihani uleule wa leseni, NCLEX-PN, wanaokaa waliosoma shule. Kwa hesabu hiyo miaka yako ya nyumbani imeshatoka nje ya dirisha, usiiwaze.

Najua umeshapiga hesabu: miaka minane ni miezi 96, kwa hiyo nimevuka. Hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Miezi 51 haihesabiwi kwa jumla tu. Kati yake kuna 10 lazima iwe ya wodi za magonjwa ya ndani na upasuaji, wiki sita za wazazi au za magonjwa ya figo na njia ya mkojo, na wiki sita za watoto. Inayobaki ndiyo unaweza kujaza na wazee wako wa nesingi homu. Na kama una saa za pembeni za kumlea bibi wa mtu nyumbani kwake, hizo zisahau, maana yule bibi hajalazwa popote.

Mimi nilikaa nesingi homu miaka minne nikijiona tajiri wa miezi. Siku nilipoisoma kwa makini fomu ya bodi ya uthibitisho wa kazi nikagundua sina hata wiki moja ya mtoto. Ikabidi nitafute kazi hospitali, na nikaomba niingizwe kwenye kundi la CNA wanaozungushwa, wale ambao ukifika kazini ndiyo unaambiwa leo unapelekwa wodi gani. Wenzangu waliniona nimerukwa na akili, kwa sababu hiyo kazi hakuna anayeipenda: hujui vitu vinakaa wapi, kila wodi wewe ni mgeni, na wagonjwa wagumu wote wanatupiwa wewe. Lakini kwa mtu anayekusanya miezi, ni shamba.

Na hata huko nilipigwa chenga. Zamu zangu nyingi za mwanzo wodi ya watoto nilipangwa kumkalia mtoto, yaani unakaa kwenye kiti kando ya kitanda usiku kucha kuangalia asichomoe dripu. Nilizihesabu zote. Nilipopeleka fomu, msimamizi wa wodi, mama mmoja wa Kifilipino mkali kama pilipili, akafungua ratiba, akachukua kalamu nyekundu na kuzipiga mstari zamu kumi na moja. Akaniuliza, "Usiku ule ulimpima nini?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kupima alipima mwingine. Fomu inamtaka athibitishe kwamba amekuona ukifanya kazi za uuguzi: kuandika maji yanayoingia na yanayotoka, kutunza mpira wa mkojo, kuchukua sampuli, kumwelekeza mgonjwa na familia yake. Kukaa kwenye kiti hakumo. Nilinuna wiki nzima, ila alikuwa sahihi, na baada ya hapo kila nilipotumwa watoto niliomba nipewe wagonjwa wangu kamili. Ndiye huyohuyo aliyenisainia baadaye bila kusita.

Kwako kaka, kuna kitu wanaume wengi hawakioni. Wodi za wazazi nyingi hazipendi CNA mwanaume, utazungushwa mpaka uchoke. Fomu inasema wazazi AU figo na njia ya mkojo. Tafuta wodi inayopokea waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume na figo, huko watakupokea kwa mikono miwili.

Kozi ya dawa ilikuwa tamu kuliko nilivyotarajia. CNA hatugusi dawa, kwa hiyo miaka yote nilikuwa naona nesi anarekebisha dripu bila kujua anahesabu nini. Siku mwalimu alipoandika ubaoni mililita 1,000 kwa saa 8, mpira wa matone 15 kwa mililita, nikapata matone 31 kwa dakika, usiku ule kazini nilisimama mbele ya dripu na saa yangu nikahesabu matone kama mtoto. Usiifanye kozi hii kwa kutafuta cheti tu. Ndiyo darasa la pekee utakalopata.

Mtihani nilianguka mara ya kwanza. Kompyuta ilizima kwenye swali la 85, nikatoka nikijisifu kwamba nimemaliza mapema. Kumbe ilikuwa imeshajiridhisha kwamba sijui. Ukianguka unasubiri siku 45 ndipo ukae tena, na dola 200 nyingine unalipa. Kosa langu lilikuwa kujibu kama CNA. Swali linakupa wagonjwa wanne, linauliza utaanza na nani, na mimi naanza na aliyejichafua kwa sababu ndivyo mikono yangu ilivyozoea. Nesi anaanza na yule anayepumua vibaya, aliyejichafua anasubiri. Ilinichukua miezi miwili ya mazoezi ya maswali, jioni moja moja, kuivunja ile tabia. Siku hizi ni maswali 85 hadi 150 ndani ya saa tano.

Kuhusu yule rafiki yako aliyekwambia kuna shule Florida inatoa cheti kwa dola elfu kadhaa bila kuhudhuria: kimbia. Januari 2023 serikali ya Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600, zote za shule tatu za Florida Kusini. Kuna walionunua wakafaulu hadi mtihani, na bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kuwasaka na kuwafutia leseni.

Ubaya wa Method 3 hauonekani mpaka siku unayotaka kuhama. Majimbo mengi yanataka uwe umemaliza shule iliyoidhinishwa, na wewe shule huna. Leseni yangu inafanya kazi California. Mume wangu alipopata kazi jimbo jingine nilipiga simu bodi ya huko, yule dada wa mapokezi akaniuliza jina la shule yangu, nikanyamaza, naye akaelewa. Tukabaki. Kama una mpango wa kuhama ndani ya miaka michache, usipoteze muda huku, nenda shule ya kawaida ukasome.

Ukishapata LVN utasikia pia njia ya yuniti 30 kuelekea RN: unasoma yuniti zisizozidi 30 za muhula halafu unaruhusiwa kukaa NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya RN. Ni kweli ipo. Ila hupati digrii, huhesabiki kama mhitimu wa programu ya uuguzi, na tatizo la kuhama linabaki palepale. Mimi nimejiandikisha chuo cha jamii kwenye programu ya kawaida ya LVN kwenda RN, ndefu zaidi, kwa sababu kufungiwa jimbo moja mara moja kumenitosha.

Nimalize na lile ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo, kwamba kituo chenu kinauzwa mwezi ujao. Kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko yote. Nesingi homu yangu ya kwanza iliuzwa, mwenye mpya akasema kumbukumbu za wafanyakazi wa zamani hazijui, na miezi yangu yote ya pale ikawa hewa. Kilichoniokoa ni W-2 (karatasi za kila mwaka za mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri) na slipu za mshahara nilizokuwa nimezitupia kwenye boksi la viatu, pamoja na mkurugenzi wa manesi wa zamani niliyemtafuta miezi mitatu nikamkuta anafanya kazi mji mwingine. Alisainia fomu juu ya boneti ya gari lake wakati wa mapumziko ya chakula. Wewe mkurugenzi wako bado yupo jengo hilohilo. Chapa fomu ya uthibitisho wa kazi kutoka tovuti ya bodi, umfuate wiki hii, na tarehe zako za kuanza na za mwisho uwe umeziandika kabla hujagonga mlango wake.