Mkoko una faida gani? Inategemea umemuuliza nani

Tulikutana kujadili mikoko, kila kundi likataja faida yake. Nani mkweli?

Wote. Mjenzi akiutazama mkoko anaona boriti iliyonyooka, isiyoliwa haraka na mchwa. Mvuvi anaangalia chini, kwenye mizizi, wanakojificha kamba na vifaranga vya samaki hadi wakue. Mfugaji nyuki anasubiri maua. Anayeokota chaza maji yakipwa anajua kuwa mizizi ikikatwa, chaza hawana pa kujishika. Mwenye nyumba karibu na ufuo atakutajia mawimbi, hasa kama yaliwahi kumfikia mlangoni. Ugomvi huanza pale boriti ya mmoja inapokuwa kitalu cha samaki cha mwingine.

Si tupige hesabu ya pesa tu, tumalize?

Imejaribiwa. Mwaka 1997 mwanauchumi wa ikolojia Robert Costanza na wenzake walikadiria huduma za asili duniani kuwa na thamani ya dola trilioni 33 kwa mwaka, kupita pato la dunia nzima wakati ule. Tarakimu hiyo iliwashtua wengi, sikatai. Lakini jumla haisemi nani anapata na nani anakosa. Kuni za kuokota haziingii kwenye daftari lolote, mpaka msitu ufungwe na mwokotaji aanze kuzinunua.

Nikiitisha mkutano, wanaume watatu tu ndio wanaozungumza. Nifanyeje?

Achana na mkutano kwanza. Kaa na wanawake peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao, na waliohamia karibuni (hawa husahaulika kila mara). Chora picha chini: maji, kuni, dawa, kivuli, mbao, mahali pa tambiko. Mpe kila mtu kokoto 10 azigawe kwenye picha hizo, nyingi zaidi pale anapopathamini zaidi, nawe nyamaza. Kisha muulize kuhusu ile kokoto aliyoishikilia muda mrefu: alikuwa akisita kati ya nini na nini? Mazungumzo yenyewe yako hapo. Ukimaliza, warudishie matokeo makundi yote wakiwa pamoja.

Wazee wamekataa kuweka kokoto kwenye picha ya tambiko. Niandike sifuri?

Usithubutu! Sifuri ni kusema mahali hapo hapana thamani. Wao wanasema hapapimwi pamoja na kuni. Hata ripoti ya mwaka 2022 ya IPBES, jukwaa la kimataifa la bioanuwai, inautambua uhusiano wa watu na mahali kuwa thamani inayojitegemea, mbali na ile ya matumizi. Andika "wamekataa kupima", na sababu uziandike kwa maneno yao wenyewe.