Wakili Katukataza Kuandamana, Tumfukuze?

SWALI: Dada habari za kazi. Tuna kikundi chetu tunasaidia wanaoomba hifadhi, tunawatafutia pa kulala, tunawasindikiza kwenye intavyuu. Sasa mwenzetu mmoja serikali inataka kumrudisha kwao, tukapanga maandamano na kuposti picha yake kila mahali, wakili kakataa katakata eti tutaharibu kesi. Wengine wanasema ni mwoga tu, tumfukuze. We unaonaje?

JIBU: Ndugu yangu, msimfukuze bado. Hiyo picha mnayotaka kuisambaza wataiona pia wale aliowakimbia, na kama kaacha mama au watoto kule ndo watakaoulizwa. Halafu mkiandika tarehe moja tofauti na aliyoisema kwenye maelezo yake, afisa anaweza kuishika hiyo hiyo akasema huyu muongo, nimeona watu wenye hoja nzito kabisa wanakwamia hapo inaniuma sana.

Ila wakili naye asiwafungie ndani. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini, lakini karatasi haijitetei yenyewe. Angalia Marekani miaka ya 80, watu wa El Salvador na Guatemala walikuwa wanakimbia vita na karibu wote wananyimwa hifadhi, makanisa yakaanza kuwapokea waziwazi, moja la mji wa Tucson lilitangaza mwaka 1982, baadhi ya waumini wakashtakiwa na kukutwa na hatia, hawakuacha. Mwaka 1985 makanisa na mashirika ya wakimbizi yakaishtaki serikali, na 1991 yakapatikana makubaliano kwamba kesi za watu wa nchi hizo mbili zisikilizwe upya, maelfu kwa maelfu. Bila makanisa nani angefungua ile kesi? Na bila mawakili ingeishia kwenye nyimbo na mabango.

Kwa hiyo kaeni wote, na mwenye kesi awepo, manake maisha ni yake si yenu wala ya wakili. Yeye ndo aseme jina litajwe au lisitajwe. Mnaweza kuandamana kudai sheria ifuatwe bila kugusa hata neno moja la faili lake, wakili awape mipaka kwa maandishi. Na kama lugha inamsumbua tafuteni mkalimani wa kueleweka, msimtumie mwanawe, mtoto asisikie yale.